Aliyeona Al Wukair

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema, kwa mdomo wangu mwenyewe, ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Kuna watu wana pumu, kuna watu wana presha, mimi nina wivu, na nimeishi nao tangu utotoni kama mtu anavyoishi na jino bovu: siku nyingine halisikiki, siku nyingine hulali. Ninayokusimulia hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Valerie, hapa hapa Doha, mchana kweupe.

Lazima nikueleze kwanza habari ya Kamati. Tulikuwa watu watano, Wakenya watupu, na kazi yetu, mbali na zile zilizotulipa mshahara, ilikuwa kuchunguza vitu vilivyoonekana angani. Si ndege, si droni, si puto. Vile vingine. Watu wa kanisani walituita Kamati ya Malaika na kucheka mpaka machozi. Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu, ibada ikiisha tulikutana sebuleni kwangu Al Mansoura, tukanywa chai ya maziwa na kupitia faili: dereva fulani aliona nini mwaka gani, mlinzi fulani alipiga picha ya nini juu ya bahari. Kiongozi wetu alikuwa Mutai, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la Al Sadd, mwanamume mrefu na mtaratibu ambaye hakuwahi kumwambia shahidi yeyote kwamba ni mwongo. Nilimpenda. Hakujua, au alijua akanyamaza. Kwa wanaume ni hali moja.

Mutai alikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja: shahidi huchora kwanza, husema baadaye. Unamweka mtu peke yake chumbani na karatasi na penseli. Humwulizi lolote, humwonyeshi lolote. Akimaliza, anaandika jina lake chini, unatia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Bahasha inafunguliwa mbele ya Kamati nzima. Maana mdomo hufuata masikio, Mutai alizoea kusema, lakini mkono hufuata macho.

Faili kubwa kuliko zote ilikuwa ya Benard. Huyu alikuwa dereva wa tangi la maji mwaka 1986, zamani zile Al Wukair, nje kidogo ya Doha, ikiwa jangwa tupu na kambi moja ya wafanyakazi. Saa sita mchana alisimamisha gari katikati ya barabara kwa sababu kitu kilikuwa kimening'inia juu yake, hakina sauti. Jioni yake alimwandikia kaka yake barua na kukichora. Barua hiyo ilimfikia Mutai miaka mingi baadaye. Mchoro wake haujawahi kuonyeshwa mtu nje ya Kamati: umbo la chapati iliyong'atwa upande mmoja, na chini yake mistari sita, mitano mifupi na mmoja mrefu.

Ukurasa wa pili wa faili ile niliupiga chapa mimi. Siku nne baada ya kuona, mtu alikuja kambini mchana akiuliza, kwa lugha ya kwao Benard, ni nani aliyeona. Benard akasema ni mimi. Akatoka naye nje. Alirudi kabla maji ya chai hayajachemka, na kwa miaka miwili zaidi alifanya kazi bila kosa hata moja. Lakini alipokwenda nyumbani likizo mkewe alimfungia mlango. Akasema yule si Benard. Hakubadilisha neno mpaka mume alipofariki, na alipohojiwa na Mutai kwa simu, bibi kizee tayari, alisema lile lile. Mahali pa maoni ya mchunguzi niliandika mimi, kwa mkono wangu: "Mke ana wivu. Haihusiani na tukio."

Miaka sita nilichunguza. Nimesimama kwenye mchanga na darubini mpaka shingo ikakakamaa. Nimeona Zuhura, nimeona setilaiti, nimeona mfuko wa nailoni ukiruka juu ya barabara nikautolea ripoti kurasa nne. Kitu chenyewe sijawahi kukiona.

Halafu akaja Valerie. Nilimleta mimi, tiketi nilikata mimi. Mimi nilikaa miezi minane kusubiri leseni ya uuguzi. Yeye alipata kazi ya ofisini katika wiki ya tatu. Mimi mama akinipigia ananiuliza nimekula; akisikia sauti ya Valerie nyuma anasema, "Hebu nipe huyo." Hata kanisani, mimi niliyefagia viti vile miaka sita, nilianza kuitwa dada yake Valerie. Na kibaya zaidi, alikuwa mtu mzuri. Ungeweza kumchukia kwa raha kama angekuwa na maringo, lakini hakuwa nayo.

Jumanne moja ya mwezi wa saba nilikuwa na ofu kazini. Nililoweka maharagwe, nikafua yunifomu za kliniki, nikazianika barazani ambako zilikauka kabla sijamaliza kuanika nyingine. Valerie alikuwa ameenda Al Wukair kumsaidia mwenzake wa kazini kuhamia nyumba mpya. Alirudi saa tisa, uso umewiva kwa jua, akavua viatu mlangoni.

"Dada Kendi, aki nimeona kitu chenu."

"Kitu gani?"

"Kile cha Kamati. Kilikuwa tu hapo juu. Nimekaa nikikiangalia nikasema wacha nikuite, kikaenda."

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilimpeleka chumbani, nikampa karatasi na penseli, nikafunga mlango. Sharti ni sharti. Nilisimama koridoni nikisikiliza penseli ikikwaruza, na moyoni nikimwomba Mungu, nisamehe, kwamba awe ameona mfuko wa nailoni.

Alinikabidhi karatasi.

Chapati iliyong'atwa. Mistari mitano mifupi. Mmoja mrefu. Na chini, kwa ule mwandiko wake wa mviringo: Valerie.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi niliinama miaka sita. Yeye alipita tu na mfuko wa vyombo vya mwenzake, kikamwangukia miguuni, na hata hakujua ameokota nini. Nilichohisi sitakidanganyia jina. Ulikuwa ni wivu.

"Usimwambie mtu," nilimwambia. "Ni sheria ya Kamati. Mpaka bahasha ifunguliwe."

"Hata Mutai?"

"Hasa Mutai."

Aliitikia, akaenda kuoga akiimba. Mimi nikachukua karatasi nyingine. Nilichora chapati, nikaing'ata, nikaweka mistari sita. Nikaandika mahali, Al Wukair. Saa, saa sita mchana. Shahidi, Kendi. Karatasi yake niliichana vipande vidogo nikavitupa chooni nikavuta maji mara mbili.

Ijumaa Mutai alifungua bahasha mbele ya watu wote, akaiweka karatasi yangu kando ya barua ya Benard. Alisimama. Alikuja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yake yamelowa, akasema, "Kendi. Miaka karibu arobaini. Ni wewe." Wengine wakapiga makofi. Nikuambie ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala kabla wala baada. Halafu Valerie akaingia kutoka jikoni na sinia la vikombe. Akaiona karatasi mezani. Akaliona jina. Akamimina chai, kikombe kwa kikombe, hadi cha mwisho, na hakumwaga tone.

Alinikuta jikoni wageni walipoondoka.

"Dada, kama ulikuwa unakitaka, si ungeniambia tu. Ningekupa."

Kama angenizaba kofi ningemheshimu. Maneno yale yalinitia hasira. Hata nikimwibia, bado yeye ndiye mwenye kutoa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya nne. Kama ningekuwa mchunguzi wa maana ningekumbuka kuhesabu.

Ilikuwa saa sita. Mwezi wa saba, saa sita, Doha huwa kama mji uliohamwa. Wafanyakazi wa nje wamepumzishwa, maduka yameshusha pazia, hata paka wamejificha chini ya magari. Nilikuwa nimebandika wali jikoni. Valerie alikuwa chumbani anapiga pasi. Mlango ukabishwa, mara moja, taratibu.

Nilichungulia kwenye kile kitundu cha mlango. Koridoni alisimama mtu mwenye shati jeupe la mikono mirefu, faili kwapani. Umri siwezi kukuambia. Uso wake ulikuwa na kila kitu ambacho uso unatakiwa kuwa nacho. Nilipofumba jicho na kulifumbua sikuweza kukumbuka hata kimoja.

"Nimekuja kwa ajili ya aliyeona," alisema.

Alisema kwa Kimeru. Si Kimeru cha mjini. Kile cha kwetu, cha upande wa juu wa mto, chenye ule mvuto wa marehemu nyanya yangu. Koridoni hapo wanaishi Wafilipino na Wanepali. Nilishika kitasa kuhakikisha kimefungwa.

"Aliyeona nini?" nilinong'ona.

Aliinama. Chini ya mlango ikaingia karatasi nyeupe. Nyuma yake, ikibingirika polepole, ikaingia penseli.

"Chora kwanza," alisema. "Useme baadaye."

Penseli ilisimama kwenye kidole changu cha mguu. Nilitambua hapo hapo. Ukurasa wa pili. Siku nne. Maji ya chai. Bibi kizee kwenye simu, sauti kavu, akisema yule si Benard, yule si Benard. Na mimi nikiandika wivu.

"Hapa pameandikwa Kendi," sauti ilisema. Ilikuwa karibu zaidi. Ilitoka usawa wa sikio langu, mbao tu katikati yetu. "Ni Kendi aliyeona?"

Sikiliza. Nilikuwa na nafasi. Ningesema ni mimi. Fomu ilikuwa yangu, mwandiko wangu, jina langu. Nililipigania jina lile. Nilipigiwa makofi kwa jina lile. Neno lilikuwa moja tu, na lingeishia kwangu.

"Si mimi," nilisema. "Ni mdogo wangu. Yuko ndani."

Nikasikia penseli ikikwaruza upande wa pili wa mlango, ingawa penseli ilikuwa kwangu.

"Asante," alisema. "Muite."

Sikumwita. Hilo naapa. Valerie alitoka mwenyewe chumbani, bado na shati la pasi mkononi. Alikuwa amesikia.

"Umemwambia ni mimi?"

"Si ndio ukweli."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Ilikuwa ile huzuni ya mtu aliyechoka kukusamehe.

"Kumbe leo ni changu tena," alisema.

Hakuwahi kusoma ukurasa wa pili. Hakujua kitu. Alidhani ni mtu wa ofisi fulani, au mwanakamati mgeni, anataka maswali mawili matatu. Mimi nilijua. Ningesema usifungue. Ningemshika mkono. Alifungua kitasa, akasema shikamoo kama tulivyolelewa, akatoka. Mlango ukajifunga.

Nilihesabu. Sikusikia hatua. Sikusikia lifti. Nilichungulia. Koridoni hapakuwa na mtu. Viatu vya Valerie vilikuwa pale pale mlangoni.

Wali ulikuwa haujakauka maji aliporudi. Alibisha, nikafungua, akaingia. Gauni lile lile. Nywele zile zile. Aliniangalia akatabasamu.

"Nani alikuwa?" niliuliza.

"Mtu tu, anauliza. Khalas, ameenda. Njoo tule."

Tulikula. Alisifu wali wangu. Alisifu yunifomu nilivyozipanga. Aliosha vyombo vyote, akanishika bega akipita, akasema nimekonda, nijitunze. Valerie wangu hangemaliza chakula bila kunitania kuhusu Mutai. Huyu hakutania. Nilipomtajia jina la Mutai alisubiri, kwa upole, kama mtu anayesubiri kuelezwa ni nani. Kisha akasema, "Ndiyo, Mutai." Na tangu hapo alilitaja sawasawa.

Jioni mama alipiga simu ya video. Nilimpa simu. Nilisubiri mama apige kelele, aseme huyo si mwanangu. Mama alicheka. Walizungumza saa nzima. Mwishoni mama akasema, "Kendi, mdogo wako anazidi kuwa mtu mzima. Muige."

Nilivumilia siku tisa, nikaenda Al Sadd kumwona Mutai kwenye ofisi yake ndogo ya walinzi, nikamweleza kila kitu. Karatasi niliyochana. Jina nililoiba. Mlango. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama alivyosikiliza mashahidi wote. Halafu akafungua faili ya Benard ukurasa wa pili, akaigeuza kuelekea kwangu, akaweka kidole chini ya mwandiko wangu.

"Hii ni nani aliandika?"

"Ni mimi."

"Sasa wewe ungekuwa mchunguzi, hapa ungeandika nini?"

Niliusoma mwandiko wangu tena.

"Uliiba ushahidi wa dada yako mwenyewe, Kendi. Sasa unakuja kuniambia hata yeye si yeye. Ni nini kingine unataka kumnyang'anya?" Alifunga faili. "Wivu utakuua. Usirudi kwa Kamati."

Sikurudi. Alienda yeye huyo mdogo wangu, kama shahidi, na siku hizi Ijumaa Mutai anampitia na gari. Wanasema wataenda Meru pamoja mwezi wa kumi na mbili, kumwona mama. Nikisema neno, kanisani wanatazamana. Nikikaa kimya, wanasema nimenuna. Kila mtu ananijua mimi ni mtu wa aina gani, na nilijitangaza mwenyewe miaka yote.

Nimeanza kufikiri pengine wana haki. Ningelikubali hilo, nikalala. Lakini wiki iliyopita alikunja mikono ya blauzi kuosha vyombo, nami nilikuwa kando yake napangusa sahani.

Kila mtoto aliyezaliwa Kenya ana lile kovu la chanjo kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mimi ni muuguzi, naliona kila siku kwa Wakenya wanaokuja kliniki, na huwa latufanya tucheke na kuulizana kwetu ni wapi. Mkono wa huyu aliyekuwa anaosha vyombo ulikuwa laini kutoka kiwiko hadi kiganja. Hakuna alama. Ni ngozi tupu.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna," nilisema, nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikakunja mkono wangu wa kushoto.

Yako mawili. Langu, pana, la zamani. Na kando yake, upana wa kidole tu, jingine, dogo, la mviringo, limejikunja upande wa juu. Haliumi. Limekauka miaka mingi. Nimewaonyesha wenzangu wawili kliniki na wote wameniuliza kwa nini nilichanjwa mara mbili.

Mimi sikuchanjwa mara mbili. Kovu hilo nalijua. Lilipokuwa kidonda, lilikuwa kwenye mkono wa Valerie, mtoto wa wiki sita, aliyelazwa kwenye leso barazani, na mama alikuwa ameenda shambani. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa kando yake mchana kutwa, na kijiti cha majani mkononi, nikimfukuzia nzi wasitue kidondani.